Kitu Kinachoweza Kukukatalia

Mwalimu wetu wa kompyuta hakumwita mtu kwa jina lake. Alikuita kwa kitu alichokupa ujifunzie. Kwa hiyo kwa miezi tisa, katika chumba kilichokuwa juu ya duka la dawa za mifugo mjini Nyeri, kulikuwa na kijana aliyeitwa Kiazi, msichana aliyeitwa Gambuti, na mimi, mzee wa kanisa mwenye wajukuu saba, niliyeitwa Mkono.

Ninamshukuru Mungu kwa ajili ya mtu huyo. Wanaonijua wakisikia hivyo hudhani ni desturi tu ya watu wa kanisa, kushukuru kwa kila jambo. Si desturi. Mtu huyo aliniondolea ushuhuda niliokuwa nikiutoa kwa zaidi ya miaka thelathini, na aliniondolea mbele ya watu, huku akikoroga chai.

Alitufundisha kuunda vitu ndani ya kompyuta kwa pande tatu, yaani kitu chenye urefu, upana na kina, ambacho unaweza kukizungusha kwenye skrini kama mama anavyozungusha parachichi sokoni akitafuta palipobonyea. Kazi yake mwenyewe ilikuwa vipuri. Huku kwetu viwanda vya kahawa vina mashine za kumenya ambazo waliozitengeneza walikufa zamani, na gurudumu la meno likivunjika hakuna pa kulinunua. Wasimamizi walimletea vipande ndani ya gunia. Alivipima, akaviunda upya kwenye kompyuta hadi jino la mwisho, na fundi wa chuma akachonga kutoka hapo. Nimewasikia wasimamizi hao wakisema hajawahi kukosea. Nimewasikia pia wakisema hawawezi kukaa naye hata kwa muda wa kikombe kimoja.

Kikombe chake kilikuwa na vijiko sita vya sukari. Alivihesabu kwa sauti, kila mara, hata akiwa katikati ya kumtukana mtu. Mwezi wa Julai, baridi ya Nyeri ilipokuwa ikipenya madirishani, alivaa glavu zilizokatwa vidole na koti la mvua ndani ya nyumba. Hakuangalia nyuso. Aliangalia viatu na mikono. Mtu akimsalimu alijibu, "Kazi iko wapi?"

Nilikwenda kwake kwa sababu ya mimbari. Kanisa letu lilitaka mimbari mpya, na kamati ikasema kila fundi alete mchoro wa kompyuta, ule unaozunguka. Mimi ni seremala tangu ujana. Mabenchi ya kanisa hilo niliyatengeneza mimi, na nilitaka mimbari iwe kazi yangu ya mwisho kabla mikono haijaanza kutetemeka. Nasema mikono, lakini wa kushoto una vidole vitatu tu. Cha shahada na cha kati vilikatwa na msumeno wa mashine nilipokuwa na umri wa miaka thelathini na mitano.

Habari ya vidole hivyo ilijulikana kutoka kwetu mpaka Kiganjo. Kila mwaka katika mkutano wa ndugu niliombwa niisimulie, nami niliisimulia hivi: mashine ilikuwa imezimwa, nilikuwa natoa kipande cha mbao kilichokwama kwenye meno ya msumeno, na mwenzangu wa karakana akawasha bila kuangalia. Nilipotoka hospitalini nilimwita mbele ya mkutano, nikamkumbatia mkono ukiwa bado na bandeji, nikatangaza kwamba nimemsamehe. Watu walilia. Kuanzia siku hiyo nilianza kualikwa kusema, na miaka michache baadaye nikachaguliwa kuwa mzee wa kanisa. Mwenzangu alisamehewa na wote, lakini hakuna aliyempa tena mbao za kupasua. Fundi anayewasha mashine bila kuangalia husamehewa, hapewi kazi. Alihamia Wang'uru akaanza kuuza mchele.

Hayo ndiyo niliyopanda nayo ngazi siku ya kwanza.

"Mwalimu, nimekuja kujifunza nichore mimbari," nilimwambia.

"Nani amekuambia uchore mimbari?"

"Kamati ya kanisa."

"Basi kamati ikufundishe." Alikuwa anaangalia mikono yangu. "Weka mkono kwa meza. Sio huo. Ule ulioficha."

Sikuwa nimejua kwamba naficha. Niliutoa mfukoni nikauweka mezani. Akaugeuza kiganja juu, kiganja chini, akabonyeza ncha za vidole vilivyokatwa kama anayechagua viazi.

"Utachora huu."

"Mwalimu, huu ni mkono mbaya."

"Ule mzuri hutauona. Ule mzuri utachora ile uko nayo kwa kichwa."

Jambo alilolijali kuliko yote lilikuwa hilo: mtu ajifunzie kitu gani. Kutumia kompyuta kwenyewe alikuwa akikufundisha kwa siku tatu, kwa kelele nyingi, namna ya kuanza na boksi, kuligawa, kuvuta nukta moja na kusukuma nyingine. Baada ya hapo alikupa kitu, na hicho kitu ndicho kilikuwa mwalimu. Wageni wote walikuja na vitu vikubwa: magari, simba, majumba ya ghorofa. Aliwarudisha chini.

"Usichague kitu unapenda," alisema. "Kitu unapenda utaisaidia."

Na tena: "Usichague kitu laini. Laini inaficha uvivu."

Lakini msemo wake mkuu, alioupiga kwa kijiko ukingoni mwa kikombe, ulikuwa huu: "Chagua kitu inaweza kukukatalia." Maana yake ilikuwa kitu unachoweza kukishika, kukipima, kukiweka kando ya skrini, nacho kikasema hapana, mimi siko hivyo.

Kijana mmoja alikuja na ndoto ya kuwatembeza watalii, akataka kuunda Mlima Kenya wote, na theluji yake.

"Umewahi kuushika?" Mwalimu akamwuliza.

"Kuushika nini?"

"Mlima."

"Mwalimu, mlima haushikwi."

"Basi hautakukatalia. Utaweka kilele penye unataka na hakuna mtu atakuambia kitu. Leta kiazi."

Alileta kiazi, kiazi cha kawaida cha sokoni, chenye matope. Akaambiwa aweke macho yake yote, kila moja mahali pake, na mkwaruzo wa jembe ubavuni. Alipima kwa kalipa, kile chombo cha chuma cha kupimia unene wa kitu, asubuhi na alasiri. Wiki ya nne alikuwa amefika macho kumi na moja, na kazi ilikuwa nzuri. Mimi seremala naijua kazi nzuri. Mwalimu akakichukua kiazi, akakizungusha, akaangalia skrini.

"Hii ni kiazi ingine."

"Ni hiyo hiyo, Mwalimu, nakuapia!"

"Hii imeota. Angalia. Na hapa imenyauka. Ulikuwa unapima kiazi ya mwezi uliopita." Akanyoosha kidole chake kirefu, akabonyeza, na macho yote kumi na moja yakatoweka. "Futa. Rudia. Na uharakishe, viazi haingojei mtu."

Tulicheka, Mungu atusamehe. Kijana alikula kile kiazi. Alikichemsha nyumbani akakila bila chumvi, alituambia kesho yake, kwa hasira. Kisha akaleta kingine, na Kiazi likawa jina lake. Hakucheka tena mtu mwingine alipofutiwa.

Gambuti alitaka kuunda viatu vya harusi. Alipewa gambuti la mama yake, lile buti la mpira la kwenda kuchuma majani chai, la mguu wa kulia. Alilia kwanza kwa aibu, maana lilikuwa linanuka, kisha akanyamaza akafanya kazi. Yeye ndiye alikuwa hodari kuliko sisi wote. Alipofika kwenye kisigino aliweka kila mchubuko. Mwalimu alikuja nyuma yake akaangalia kwa muda mrefu, nasi tukadhani leo tutasikia sifa.

"Mama yako ameumwa na nyonga tangu lini?"

"Mama haumwi na nyonga."

"Kisigino imeisha upande mmoja mpaka kitambaa. Huyu mtu anatembea akivuta mguu."

"Hajawahi kusema."

"Gambuti imesema. Wewe unalala nyumba moja na yeye. Ulikuwa unaangalia nini?"

Msichana alichukua mkoba wake akashuka ngazi. Hakurudi kwa majuma mawili, na aliporudi alikuwa ametoka kumpeleka mama yake kwa daktari. Nyonga ilikuwa imelika. Nilimwambia Mwalimu, kwa upole, kwamba angeweza kumwita kando akamwambia peke yake. Alinijibu kwamba gambuti halikuwa kando. Sikuelewa jibu hilo, na bado sina hakika kwamba ni jibu.

Kulikuwa na neno moja ambalo halikuruhusiwa katika chumba kile. Huku kwetu mtu akitaka kusema kitu kinafanana na kingine husema kinakaa: mtoto anakaa babake, mbingu inakaa mvua. Mwanafunzi mgeni akimaliza mchoro wake wa kwanza alisema kwa furaha, "Mwalimu, si inakaa kikombe?"

"Inakaa?" Mwalimu aliweka chai chini. "Inakaa wapi? Iko na nyumba? Inalipa rent?"

"Nasema inakaa kikombe..."

"Sijauliza penye inakaa. Nimeuliza ni nini."

Baada ya mwezi mmoja sisi sote tulikuwa tumeacha neno hilo, hata nyumbani. Mke wangu alipoaga watu mazishini akasema marehemu anakaa amelala tu, nilijikuta nimefumba macho.

Sasa, mtu mkali namna hiyo ungedhani amenyooka katika mambo yake. Hapana. Kiti alichokalia kilikuwa na mguu mfupi, na kwa miezi tisa alikisawazisha kwa karatasi iliyokunjwa, mbele ya seremala. Nilijitolea kukitengeneza. Alisema hajaniomba. Aliogopa mbwa kiasi cha kuzunguka mtaa mzima. Hakuingia kanisani, lakini nikikosea mstari wa Maandiko alinisahihisha bila kuinua kichwa. Aliweza kuona upungufu wa unene wa kucha katika gurudumu la chuma, na hakuona, au hakutaka kuona, kwamba miguu yake ilikuwa imevimba na kwamba alisogea karibu zaidi na skrini kila juma. Gambuti alimwambia siku moja, "Mwalimu, sukari itakumaliza." Akamjibu, "Nne. Tano. Sita."

Kuhusu mimbari nilimwomba mara moja tu. Tarehe ya kamati ilikuwa imekaribia, na mkono wangu kwenye skrini ulikuwa umefutwa mara tano. Nilimwambia aniruhusu niuweke kando kwa wiki mbili.

"Enda," alisema. "Lakini ukienda, usirudi."

Nilibaki. Nilidhani ni uvumilivu, tunda la Roho. Leo nafikiri ni kiburi cha fundi asiyekubali kushindwa na kazi. Kamati ilipewa mchoro mzuri na karakana moja ya Nairobi, ikawapa wao kazi. Nilimwambia Mwalimu habari hiyo. Akasema, "Kucha ya kidole cha mwisho umeweka juu sana."

Mwezi wa nane wa masomo ulipokwisha mkono ulikuwa umekamilika. Mikunjo ya viungo ilikuwepo, na mishipa, na kovu dogo la patasi la tangu ujana wangu. Zile ncha mbili za vidole vilivyokatwa nilikuwa nimezipima zaidi ya sehemu nyingine zote, maana ndizo alizozifuta mara nyingi. Nilizijua kwa vipimo. Zilikuwa zimekatwa mshazari, bapa, na ngozi imevutwa juu yake kama kitambaa juu ya kiti. Mwalimu aliuzungusha mkono wangu pande zote sita. Kisha akaweka mifupa ndani yake, ile mistari inayofanya vidole vya mchoro vikunjike na kunyooka, akaongeza sahani nyembamba ya duara, ukubwa wa msumeno.

"Mkono, simama. Waambie hawa ile story yako."

Niliona ni heshima. Nilisimama nikaisimulia vizuri, kama nilivyozoea, mashine iliyozimwa, kipande kilichokwama, mwenzangu aliyewasha, bandeji, kumbatio. Gambuti akasema polepole, "Bwana asifiwe, guka," yaani babu kwa lugha yetu.

"Mtu akitoa kitu imekwama," Mwalimu akauliza, "anashika aje? Nionyeshe."

Nilimwonyesha kwa mkono wa kulia: kidole gumba, cha shahada na cha kati, vimekunjwa kama vya mtu anayechukua chumvi. Akavikunja vya kwenye skrini vivyo hivyo. Mkato mmoja ukatazama dari. Mkato mwingine ukatazama ukuta. Na kidole gumba kilikuwa katikati yake, kizima, bila hata mkwaruzo.

"Msumeno mmoja imekata huku, ikageuka ikakata huku, na hii ya katikati ikaruka. Ama iliomba ruhusa?"

Kiazi alicheka, kisha akaacha.

Mwalimu akavinyoosha vidole vya mchoro, akaulaza mkono kiganja chini. Mikato ile miwili ikawa mstari mmoja, kama iliyopigwa rula. Akaileta ile sahani ya duara. Ikaingia katika mikato yote miwili kwa wakati mmoja, kama barua inavyoingia kwenye bahasha.

"Hiyo ni mkono imelala. Wewe ni fundi. Mkono hulala hivyo ukifanya nini?"

Nilijibu, maana niliulizwa jambo la kazi yangu. "Ukisukuma mbao."

"Na mbao husukumwa mashine ikiwa imezimwa?"

Chini yetu, dukani, mtu alikuwa akiuliza dawa ya kupe. Nakumbuka alirudia mara mbili.

"Huyo mtu hakuwasha kitu," Mwalimu akasema, akavuta kopo la sukari. "Moja. Mbili."

Nataka kusema kwamba sikuwa najua. Ningekuwa nimekwisha kuzoea kusema hivyo kama Mwalimu hangenifundisha kuangalia. Siku ile karakanani niliinua kichwa nikaona damu, na nikaona mkono wa mwenzangu uko juu ya swichi. Nilipiga kelele, "Umenikata!" Naye akabaki ameachama, hakukana. Lakini juma la pili, nikiwa kitandani hospitalini, nilikumbuka mlio. Mashine ilikuwa inanguruma kabla ya uchungu. Ilikuwa inanguruma muda wote, na mimi nilikuwa nasukuma mbao huku nimegeuka kumwambia mtu neno mlangoni. Mwenzangu alikuwa amekimbia kuizima. Swichi ya kuwasha na ya kuzima ni moja.

Ndugu walikuwa wamekwisha kuja, wamekaa kando ya kitanda, wameniombea neema ya kusamehe. Niliziona nyuso zao zilivyong'aa. Nikanyamaza siku hiyo, kisha siku iliyofuata, kisha ikawa ni mkutano na wimbo na bandeji. Nilimsamehe mtu asiyenikosea, na kwa msamaha huo nikala mkate wa heshima zaidi ya miaka thelathini.

Desturi ya chumba kile ilikuwa kwamba kazi ikikamilika inafutwa. Zoezi si la kuwekwa, alisema. Niliweka kidole changu mahali pa kufutia, na kwa mara ya kwanza nilitamani afute yeye.

"Hiyo hatufuti," alisema. "Hiyo utatembea nayo." Akaniwekea mkono huo kwenye simu yangu, ukizunguka.

Nilifanya kwanza lililokuwa rahisi. Katika mkutano wa ndugu, chini ya mimbari mpya ya watu wa Nairobi, nilisimama nikaungama yote: mlio, swichi, hospitali. Nilisema bila kuisaidia habari yangu. Nilipomaliza nikafikiri, sasa watanihukumu. Kisha mama mmoja akaanzisha wimbo na wote wakasimama. Walipanga foleni kunishika mkono, ule mbaya. Mzee mwenzangu aliniinamia sikioni akasema, "Mzee, hata dhambi ya yule ndugu umeamua kuibeba. Huo ndio msalaba." Nilimwambia si hivyo. Akanipapasa bega. Juma lililofuata nilialikwa kusema katika kanisa jingine juu ya unyenyekevu.

Kisha nikaenda Wang'uru. Mwenzangu nilimkuta ameketi kati ya magunia, akipima mchele kwa gorogoro, lile kopo la kilo mbili. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, sijui kwa uzee au kwa vumbi la mchele. Alisimama upesi sana aliponiona, kama anavyosimama mtu mwenye deni.

"Mzee wa kanisa! Haiya! Umekuja mbali hivi kwa ajili yangu?"

Nilimwonyesha simu. Akaitazama, akautazama mkono wenyewe.

"Kweli inakaa mkono yako," alisema.

Nilimweleza. Nilimkunjia vidole vya mchoro nikavinyoosha, nikamwonyesha mstari. Nilimwambia hakuwasha mashine, alizima, na kwamba mimi nilijua tangu juma la pili. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika lile kopo.

"Hapana," alisema. "Mkono yangu ilikuwa kwa switch."

"Ulikuwa unazima, ndugu."

"Niliwasha. Mimi mwenyewe naona nikiwasha. Nimeiota hiyo kitu mpaka bibi yangu anaijua." Sauti yake ilikuwa ya kunibembeleza. "Mzee, usinichezee sasa. Nimezeeka. Mungu alinisamehe kwa sababu nilikubali. Ukiniambia sikufanya, mimi nilitubu nini? Nililia nini hii miaka yote?"

Alinipimia mchele wa pishori, akakataa pesa yangu, akaushika mkono wangu wa kushoto kwa mikono yake yote miwili akaniomba nimsamehe tena, kwa sababu ananiona bado nina uchungu.

Mwaka uliopita nilisikia kwamba lile darasa limefungwa. Kompyuta zimeuzwa, Kiazi ana kazi ya kuchora mabomba ya maji, na Gambuti anaunda vipuri vya viwanda vya kahawa, vile vile vya Mwalimu. Wasimamizi wanasema naye hakosei, na kwamba naye ana ulimi mbaya. Mwalimu mwenyewe alikuwa kwa mama yake, upande wa Kiganjo. Nilikwenda kumwona, kama ninavyokwenda kuwaona wagonjwa wote.

Mama yake, kikongwe aliyenyooka kama mti, alinipokea uani. "Akikuuliza sukari, usimpe," aliniambia.

Alikuwa ameketi kwenye kiti kilicho sawa, akiutazama ukuta. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa na kazi. Mguu mmoja haukuwepo.

"Nani?"

"Mkono."

"Umeleta sukari?"

"Hapana, Mwalimu."

"Basi umeleta nini?"

Kwa kawaida mimi humwambia mgonjwa kwamba anaendelea vizuri. Kwake sikuweza. Nilikaa. Alinyoosha mkono wake hewani, nikamwekea wangu ndani yake, nao vidole vyake vikaanza kazi mara moja, juu ya viungo, juu ya kovu la patasi, mpaka kwenye zile ncha mbili. Vikakoma hapo.

"Hapa kuna kauvimbe, upande wa nyuma. Hukuweka."

"Hukuniambia."

"Sikuwa nimekaona." Akaubonyeza kama anayetaka kuutoa. "Ulienda kwa yule mtu?"

Nilimwambia yote. Nilimwambia kanisani walivyoimba. Nilimwambia maneno ya Wang'uru kama yalivyosemwa. Nilimwambia pia, maana nilikuwa nimechoka kulibeba, kwamba pengine ingekuwa heri asingeniwekea mkono ule kwenye simu. Kwamba mtu mmoja alikuwa na amani aliyoipata kwa machozi, nami nimekwenda kumtikisa, na hakuna aliyepona.

"Alikukatalia?"

"Alinikatalia."

"Mzuri," alisema. "Hiyo ndio kitu ya kujifunzia." Bado alikuwa ameushika mkono. "Ulimwambia mara ngapi?"

"Mara moja."

"Na ile ingine, ya kumsamehe, ulisema mara ngapi?"

Nilijaribu kuhesabu. Mikutano ya kila mwaka, semina, mazishi, harusi mbili, makanisa ya watu wengine. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye benchi nililolitengeneza mimi, mara nyingi kiasi gani, kabla hajahama? Hesabu ilinishinda. Mwalimu alingoja bila huruma, kama alivyomngoja Kiazi.

"Basi rudia," alisema.

Akauachia mkono wangu, akageuza uso ukutani, akamwita mama yake kwa sauti ya mtoto, akiomba sukari. Mama akajibu kutoka jikoni kwamba hakuna. Nilisali, nikaondoka. Hakusema amina.

Nimekwenda Wang'uru mara nne tangu siku hiyo. Mwenzangu hunivutia gunia nikae, hunipa chai, hunisikiliza. Sipeleki simu tena. Naweka mkono wenyewe mezani, kiganja chini, mahali ambapo anaweza kuuona. Kila mara nasema jambo lile lile, kwa maneno yale yale, bila kulisaidia. Na kila mara, kabla sijamaliza, ananiomba msamaha.